Tunda Kitandani pa Mdogo Wangu

Kwa wiki sita nilifanya kazi chumba kimoja na tunda.

Lilikuwa limelazwa kwenye kitanda cha mdogo wangu, limefunikwa shuka la maua mpaka pale ambapo, kama lingekuwa mtu, pangekuwa mabega. Mama ndiye aliyelifunika. Baba mdogo alipolileta ndani ya gunia alitaka liwekwe stoo na magunia ya dagaa. Mama akasema hata kama ni tunda, maadamu limeshaitwa kwa jina la mtoto wake halitalala chini wala halitanuka dagaa. Basi likaletwa chumbani kwetu, nami nikabaki na kitanda changu cha dirishani, meza yangu, kompyuta yangu, na lile tunda nyuma ya mgongo wangu.

Sisi ni Wajaluo. Wazazi wangu walihamia Nyarero, katikati ya Wakurya, kwa ajili ya biashara ya dagaa. Ndugu wa marehemu baba wanaishi Kenya, upande wa pili wa mpaka, ukishavuka Sirari. Kwetu, mtu akifia mbali, na mwili wake usipatikane, huzikwa tunda la yago mahali pake. Ni tunda refu la kijivu, gumu, zito kuliko unavyolidhania ukiliona juu ya mti, na halina haraka ya kuoza. Asiyezikwa hatulii, ndivyo wanavyosema. Sisi pia ni watu wa kanisa, kila Jumapili tupo, na mambo hayo mawili yameishi nyumbani kwetu miaka yote bila kugombana, mradi mtu asiulize sana.

Mdogo wangu alikuwa na miezi minane hajapiga simu. Alikuwa Uarabuni, mfanyakazi wa ndani, katika nyumba ileile niliyofanyia kazi mimi kabla yake. Wakala aliyempeleka alisema ametoroka, kisha namba ya wakala nayo ikawa haipatikani. Mama wa nyumba ile alikuwa ameshaizuia namba yangu kwenye simu yake. Tulikwenda polisi, tukaenda kwa wakubwa, tukaandika barua, tukajibiwa kwamba barua imepokelewa.

"Sasa nyinyi mnangoja nini?" Baba mdogo alisema siku aliyoleta gunia. Yeye ni mtu wa Migori na Kiswahili chake ni cha huko. "Mtoto amepotea, haya, tumpe pahali pa kulala. Ama mnataka azunguke tu kwa hiyo jangwa?"

 Mama alinigeukia mimi. "Wewe ndiye unayesoma Kiarabu. Kutwa nzima unawasoma watu hao. Niletee neno. Ukileta neno kwamba hayupo, tutazika. Ukileta neno kwamba yupo, hili tunda nitalitupa mwenyewe."

Nilikasirika. Mimi hasira zangu ziko karibu, na siku ile zilikuwa karibu zaidi. Nilimwambia wanaoandika mitandaoni ni wengi kama mchanga na mimi si mganga. Mama akasema, "Sikukuambia upige ramli. Nimekuambia usome."

Kiarabu changu nilikipata jikoni. Kwanza kwa masikio, baadaye kwa macho, kwa kukaa na binti mkubwa wa nyumba ile akifanya kazi zake za shule huku mimi nakunja nguo. Nilijifunza herufi kwa kuzitazama kichwa chini miguu juu, upande wa pili wa meza. Miaka miwili ilipokwisha niliweza kusoma chochote, ila polepole, na kwa sauti. Mpaka leo siwezi kusoma Kiarabu kimyakimya. Lazima midomo icheze.

Mama wa nyumba alikuwa mwanamke mzuri wa sura, mpenda kahawa. Kila siku saa nne asubuhi alikaa na kikombe chake na kumlalamikia yeyote aliyekuwepo, na kila lalamiko alilimalizia kwa maneno yaleyale: kahawa yangu ndiyo shahidi. Akipiga kelele nilijua mambo ni ya kawaida. Ila akiniita kwa upole, roho yangu, macho yangu, njoo mpenzi, nywele zilinisimama, maana upole wake ulikuja kabla ya chumba cha kufulia. Kilikuwa chumba kisicho na dirisha na komeo lake liko nje. Mara moja nilikaa humo siku mbili kwa sababu ya sahani.

Niliporudi nilinunua mabati ya nyumba ya Mama. Watu waliyaona mabati, wakasifu, na mimi sikusema neno juu ya chumba cha kufulia. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kuniuliza kwa simu, mimi ningali kule, nyumba ikoje? Nilimjibu, "Nzuri. Mama wa nyumba ana kelele tu, ukimzoea hana neno." Kuna kingine sikukisema, nitakisema mahali pake.

Kazi niliyokuwa nikiifanya chumbani, na ninayoifanya bado, niliipata kupitia dada mmoja niliyekutana naye uwanja wa ndege. Kampuni iko Nairobi. Inakusanya maandishi ya Waarabu mitandaoni, inafuta majina, picha na tarehe, inayachanganya kama karata, kisha inatuletea sisi tunaojua Kiarabu cha watu wa kawaida. Unasoma posti, unabonyeza moja kati ya tatu: chanya, hasi, au kati. Kila posti husomwa na watu watatu wasiofahamiana. Majibu yetu hufundishwa mashine, ili nayo ijue mtu amefurahi au amechukia. Na kanuni ni moja. Usihukumu kilichotokea, hukumu hisia za aliyeandika. Mtu akishangilia kwamba nyumba ya adui yake imeungua, hiyo ni chanya.

Mwanzoni nilikuwa naharibu. Kila mahali palipoandikwa roho yangu au macho yangu, mimi nilibonyeza hasi. Sikufanya makusudi. Nilisoma kwa sauti, sauti ikawa yake, na kidole kikaenda chenyewe. Msimamizi wetu, mwanamke wa Nairobi mwenye sauti ya kuchangamka, akanipigia.

"Dada, ni kama umekasirikia dunia. Mtu ameandika, roho yangu, njoo tule, na wewe unaweka hasi? Wenzako wote wako na chanya."

"Hujui huyo anayeitwa atafanywa nini akifika," nikamwambia.

Akacheka. "Hiyo si kazi yetu. Soma tu mudi ya mwandishi, sawa?"

Nikasema sawa. Nilihitaji kazi. Nikajilazimisha, na baada ya wiki chache nikawa mwepesi kama wengine: maneno matamu, chanya, twende. Msimamizi akanisifu. Hapo ndipo Baba mdogo alipoleta gunia.

Sikuzoea kuwa na lile tunda. Mchana, jua likikaza, mabati hupata joto na kulia ka, ka, kama mtu anayekunja vidole vyake, nami nilikuwa nageuka kila mara kuona kama ni mabati kweli. Sehemu yetu simu hudaka mtandao wa ng'ambo, ikakukaribisha Kenya nawe umekaa kitandani kwako Tanzania. Ujumbe ule ulipoingia, karibu, uwe na safari njema, nilikuwa nalitazama tunda kabla ya kutazama simu. Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikalikuta limegeuka. Asubuhi lilitazama mlango, kama naweza kusema hivyo, sasa lilitazama ukuta. Nilitoka mbio mpaka uani.

"Ni mimi," Mama alisema, wala hakuinua kichwa. "Alikuwa amelalia upande mmoja siku nyingi."

Alikuwa akigeuza dagaa juu ya nyavu. Tangu tukiwa wadogo Mama ana wimbo wake wa kugeuzia dagaa, aliutunga mwenyewe, na mimi nitaapa mahakamani kwamba hakuna mwingine duniani anayeujua. Unaanza, *omena, duogi dala*, yaani dagaa, rudi nyumbani, halafu unaonya kwamba anayechelewa paka atakula sehemu yake. Mama alipokwenda kuuza Kenyamonta au Mbalibali akalala huko, mimi nilimwimbia mdogo wangu wimbo huo mpaka akasinzia. Alikuwa akisinzia ananishika sikio. Nampenda sana mdogo wangu. Niliandike hilo hapa lisije likapotea katikati ya mambo mengine.

Posti ilikuja siku ya Jumatano, baada ya chakula cha mchana. Ilikuwa na nyuso za kucheka tatu mwanzoni. Mwandishi alisema binti yake mdogo amewavunja mbavu, anaimba maneno ya mtumishi wao Mwafrika, hakuna anayeelewa hata moja, hebu someni. Chini yake akayaandika hayo maneno kwa herufi za Kiarabu.

Zikija lugha nyingine tunatakiwa kuzitamka ili kujua ni lugha gani, kisha tuandike jina lake pembeni. Nikaanza kutamka, herufi moja moja, kama nilivyojifunza. Hayakuwa Kiarabu. Hayakuwa Kihindi wala Kifilipino, ambavyo navijua kwa sauti. Nikarudia kwa haraka kidogo ili yaungane, na mdomo wangu ukasema *omena, duogi dala*.

Niliacha hapohapo. Chumba kilikuwa na jua tele, nzi mmoja alikuwa dirishani. Sikutaka kugeuka, nikageuka. Tunda lilikuwa pale, shuka limefika mabegani. Nikasoma mpaka mwisho, na paka alikuwepo, na sehemu ya aliyechelewa ilikuwepo. Mstari wa mwisho wa posti mwanamke yule aliandika: kahawa yangu ndiyo shahidi.

Nililia kwa furaha. Yupo, nilisema kwa sauti, yupo, anaimba, ana mtoto wa kumwimbia. Nilisimama kwenda kumwambia Mama atupe tunda. Nilifika mlangoni, mkono umeshashika kitasa, ndipo lile neno la kahawa likanirudisha.

Nilikuwa nimeshawahi kulisoma. Si miaka ile jikoni, la. Palepale mezani, kama wiki tatu kabla. Posti fupi iliyopita pamoja na mamia mengine: nyumba imetulia tangu Alhamisi, namshukuru Mungu, leo nimelala mchana kwa mara ya kwanza mwaka huu, kahawa yangu ndiyo shahidi. Nilikuwa nimeitamka kwa mdomo huu na sikuisikia, kwa kuwa nilikuwa nimeshafundishwa wepesi. Mwandishi amefurahi. Nilibonyeza chanya. Nakumbuka hata nilifikiri, heri yake, amepata usingizi.

Nilikaa. Posti mbili, nyumba moja. Katika moja kuna wimbo, katika nyingine kuna utulivu. Kama utulivu ulitangulia na wimbo ukafuata, mdogo wangu yuko hai. Kama wimbo ndio uliotangulia, basi hiyo Alhamisi ilinyamazisha kitu. Nikampigia msimamizi, nikamwomba tarehe. Nilimwambia habari za mdogo wangu na za posti zote mbili, nikiwa nalia.

"Dada, pole sana," alisema. "Hatuna tarehe. Zikitufikia huwa zishatolewa. Hata namba zao hazifuatani."

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Sikula vizuri. Nilijaribu kuzisoma zote mbili kwa sauti ya yule mwanamke ili nisikie ipi ni ya zamani, na kila mara sauti ilitoka ileile, nyororo, mpenzi, macho yangu. Siku ya tatu, asubuhi, nilimfuata Mama uani. Niliamua kumwambia ya wimbo tu.

"Mama, nimeleta neno."

Aliendelea kugeuza dagaa. "Sema."

Nikasema. Nikamtamkia wimbo kama ulivyoandikwa. Mikono yake ikasimama juu ya nyavu.

"Anayeimba ni nani?"

"Mtoto. Binti mdogo wa nyumba ile."

"Siyo mdogo wako."

"Yeye ndiye aliyemfundisha. Maana yake wanapendana, Mama. Maana yake yupo."

Mama akasema, "Nikuulize. Mimi nikiwa nyumbani, wewe na mdogo wako mliwahi kuuimba wimbo huu?"

Nikafikiri. Nilijiona na mdogo wangu, sikio langu mkononi mwake, na nyumba haina Mama.

"Hamkuwahi," alisema. "Nikiwepo niliimba mwenyewe, nyinyi mlinyamaza mkisikiliza. Jirani ndiye aliyeniambia nikirudi kutoka Mbalibali, watoto wako wameimba tangu ulipoondoka. Nyathina, mwanangu, mtoto haimbi wimbo wa mtu aliyepo."

Nilitaka kubishana. Mimi hubishana hata na mvua. Badala yake yakatoka yale mengine. Nikamwambia posti ya utulivu. Nikamwambia chumba cha kufulia na siku zangu mbili za sahani. Kisha nikamwambia lile ambalo sikuwa nimemwambia mtu: kwamba mkataba wangu ulipokwisha mama wa nyumba alikataa kunirudishia pasi yangu ya kusafiria. Aliniambia kwa upole, roho yangu, utaipata siku utakapoleta mtu wa kukaa mahali pako. Nami nikampigia mdogo wangu nikasema nyumba ni nzuri. Tulikaa siku tatu pamoja kwenye nyumba ile kabla sijapanda ndege. Siku ya pili aliniuliza, dada, mbona mlango wa huku una komeo kwa nje? Nikamwambia ni kwa ajili ya wezi.

Mama alifuta magamba ya dagaa mikononi kwa kanga yake, kidole kwa kidole.

"Komeo lilikuwa nje."

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe ukamwambia wezi."

"Ndiyo."

Nilingoja anipige au anilaani. Ningeshukuru. Akasema tu, "Mpigie baba yako mdogo."

Alikuja kesho yake asubuhi na wazee wawili. Wakabishana kidogo mahali pa kuchimba. Kwa desturi yetu binti asiyeolewa huzikwa nje ya uzio, na Baba mdogo alikuwa ameshaanza kupima huko kwa hatua. "Ndani," Mama alisema. Baba mdogo akaanza kueleza mila. Mama akamkatiza. "Shemeji, amelala nje vya kutosha." Wakachimba ndani, karibu na nyavu za dagaa.

Majirani wa Kikurya walileta viti vyao na hawakuuliza kitu. Mchungaji naye alikuja, ila bila joho, akasimama kwenye kivuli cha nyumba kama mtu aliyekuwa anapita. Mama alilibeba tunda mwenyewe kutoka chumbani, ndani ya lile shuka la maua. Alilibeba kama anavyobebwa mtoto aliyesinzia njiani, kichwa begani, na alitembea polepole ili asimwamshe. Wazee walinyoosha mikono kulipokea, akawakatalia. Alishuka goti moja ukingoni akalilaza.

Baba mdogo aliuliza nani atasema maneno. Nilimtazama mchungaji, mchungaji akatazama chini.

"Dada yake ataimba," Mama alisema.

Nilielewa anachotaka kwangu. Kwa muda wote ambao sikuuimba ule wimbo kulikuwa na namna fulani mdogo wangu yupo, njiani, amechelewa tu. Nikiimba, nitakuwa nimesema kwa mdomo wangu kwamba hayupo, na kwamba mimi ndiye niliyefungua mlango akaingia. Niliomba kwa macho. Mama hakuniondolea yake. Nikaimba. *Omena, duogi dala*. Nilikatiza, nikaanza upya. Wakurya hawakuelewa maneno, wakainamisha vichwa hivyohivyo. Niliimba mpaka paka alipokula sehemu ya aliyechelewa, na hakuna aliyenisaidia.

Mchana nilirudi mezani, kwa sababu sikujua kwingine pa kukaa. Kitandani palikuwa na bonde lenye umbo lake. Kwenye kompyuta ilikuwa imerudishwa ile posti ya wimbo, ningali sijaipa jibu. Wenzangu wawili walikuwa wameweka chanya, nayo kanuni ilikuwa upande wao. Nilibonyeza hasi. Msimamizi hakunipigia, na sijui kama alielewa au alinihurumia tu.

Siku hizi Mama akigeuza dagaa hauimbi wimbo wake. Anageuza safu moja, anaacha, anainua uso kuelekea dirisha langu, anangoja. Nami naimba.